Namba Tasa na Watu Wazitafutao

Mwezi huu twapenda kuwaletea habari ya watu watafutao kitu kisicholika, kisichovalika, wala kisichouzwa sokoni. Watu hao wako katika nchi nyingi za dunia. Wengi wao si wataalamu, bali ni watu wenye kazi nyingine, ambao hutumia saa zao za mapumziko kuitafuta namba kubwa kupita zote zilizopata kujulikana katika zile zisizokubali kugawanyika. Na kwa kuwa habari hii ilitujia kwa njia ya kosa tulilolitenda sisi wenyewe mbele ya watoto wa shule, hatutalificha kosa hilo, maana mwalimu afichaye kosa lake huwafundisha wanafunzi kuficha yao.

Kwanza yatupasa kueleza neno lenyewe. Katika shule zetu twafundisha ya kuwa kuna namba ziitwazo namba tasa. Mtu akiwa na maembe 12 aweza kuyapanga mafungu yaliyo sawa kwa njia nyingi: mafungu 2 ya maembe 6, au mafungu 3 ya maembe 4, na kadhalika. Lakini akiwa na maembe 13, hata akipanga mchana kutwa hapati mafungu yaliyo sawa, ila ayaweke yote fungu moja au ayatandaze moja moja. Basi 13 ni namba tasa. Na 2, 3, 5, 7 na 11 ni tasa vilevile.

Neno hili tasa ni neno zito vijijini mwetu. Wako akina mama walioitwa hivyo wakalia usiku, na wako waliorudishwa kwao kwa ajili yake. Lakini katika hesabu mambo ni kinyume. Kila namba nyingine ya kuhesabia inayozidi 1 hupatikana kwa kuzidisha namba tasa: 12 ni 2 mara 2 mara 3, na 60 ni 2 mara 2 mara 3 mara 5. Hivyo hizo zilizoitwa tasa ndizo mama wa nyingine zote. Wanadamu tu wepesi wa kumpa mtu jina kwa kile asichokuwa nacho, tusiangalie kilichotoka kwake.

Tena namba hizi hazina mwisho. Mwenye hekima mmoja wa Kiyunani, jina lake Euclid, aliyeishi miaka 300 hivi kabla ya kuzaliwa Kristo, alilionyesha jambo hili kwa maneno machache. Twaa namba tasa zote uzijuazo, uzizidishe pamoja, kisha uongeze 1. Namba utakayoipata, ukiigawa kwa yoyote katika hizo ulizozitwaa, hubaki 1. Basi ama yenyewe ni tasa, ama ina kigawo kilicho tasa ambacho hukuwa nacho katika hesabu yako. Kwa hiyo hapana mtu awezaye kusema kwamba amezimaliza.

Sasa tuje kwenye kosa letu. Siku moja tulikuwa tukiwafundisha watoto wa darasa la sita, tukataka kuwaonyesha jambo la kupendeza. Tukawaambia watwae 2, wazizidishe zenyewe kwa zenyewe, kisha wapunguze 1. Zile 2 zikiwa mbili zatoa 4. Ukipunguza 1 wapata 3, nayo ni tasa. Zikiwa tatu zatoa 8. Wapata 7, nayo ni tasa. Zikiwa tano zatoa 32, wapata 31. Zikiwa saba zatoa 128, wapata 127. Hizo nazo ni tasa. Tukawageukia watoto kwa majivuno, tukasema, "Mwaona? Idadi ya zile 2 ikiwa namba tasa, basi na jibu huwa namba tasa siku zote." Hatukuwa tumejaribu mbele ya hapo. Tuliona nne zimekubali, tukaziapia zote.

Siku ya tatu yake mtoto mmoja, mwana wa mchunga ng'ombe, alisimama darasani na kipande cha karatasi ya mfuko wa saruji mkononi. Akasema, "Mwalimu, zile 2 zikiwa kumi na moja, jibu ni 2047. Nami nimeona kwamba 23 mara 89 ni 2047." Darasa likanyamaza.

Ilitupasa kuchukua chaki tuzidishe. Hatukufanya hivyo. Tulimwamuru aketi, asijifanye mwalimu mbele ya mwalimu. Tena tukaongeza kusema kwamba karatasi chafu hailetwi darasani. Wenzake wakacheka. Akaikunja karatasi yake mara nne, akaitia mfukoni, akaketi.

Usiku baada ya chakula tuliifanya ile hesabu mezani. Ikatoka 2047. Tukairudia, tukitumaini pengine tumekosea. Ikatoka ile ile. Mama wa watoto wetu alikuwa akichagua mchele karibu na taa, akatuuliza ni kazi gani hiyo isiyokwisha. Tulipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi, baba, kesho utamwambia mtoto." Tukajibu kwamba tutaona. Kesho hatukumwambia, wala kesho kutwa. Majuma matatu yakapita. Mtoto yule hakuinua mkono tena. Na sisi, tulipoandika ubaoni, hatukuthubutu kutazama upande wa dirisha alikokaa.

Katika siku hizo tuliitwa mjini kwa mambo ya shule, tukapata nafasi ya kusoma katika maktaba ya chuo cha walimu. Tulitafuta habari za namba ile 2047, na labda tulikuwa tukitafuta udhuru. Tukakuta kwamba njia ile tuliyopita wamepita wengi kabla yetu, na wakubwa kuliko sisi wamejikwaa katika njia hiyo hiyo.

Alikuwako mtawa Mfaransa, jina lake Marin Mersenne, mtu wa sala na elimu, aliyeandikiana barua na wataalamu wengi wa zama zake. Mwaka wa 1644 alitoa kitabu, na ndani yake akataja ni idadi zipi za 2, mpaka kufika 257, zinazotoa namba tasa ukipunguza 1. Aliandika 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Kwa 11 hakukosea kama sisi, hakuiandika. Lakini namba ni kubwa mno, wala hakuweza kuzijaribu zote. Baadaye ikaonekana kwamba 67 na 257 hazikustahili kuwamo, na kwamba 61, 89 na 107 zilisahauliwa. Orodha ile fupi haikumalizika kuhakikishwa hata mwaka wa 1947, yaani miaka 303 baada ya kuandikwa. Pamoja na makosa hayo jina lake halikutupwa: namba za namna hii mpaka leo zaitwa namba tasa za Mersenne.

Na ni nani walioisahihisha orodha yake? Wa kwanza aliyetugusa moyo ni padre wa kijiji. Jina lake ni Ivan Pervushin, padre wa Kanisa la Orthodox katika vijiji vya jimbo la Perm, karibu na milima ya Ural nchini Urusi. Mtu huyu alikuwa na watu wake wa kuwabatiza, kuwaoza na kuwazika, kama mapadre wetu walivyo. Tena alikuwa mbali na vyuo vikubwa. Hakuwa na mashine yoyote. Mwaka wa 1883 alionyesha kwamba zile 2 zikiwa 61, ukipunguza 1, wapata namba tasa, nayo ni 2,305,843,009,213,693,951. Akapeleka habari kwa Baraza la Elimu mjini St Petersburg. Basi mtawa aliisahau 61, na padre wa kijiji akaiokota.

Zile mbili nyingine, 89 na 107, zilionyeshwa na Bwana R. E. Powers, mwaka wa 1911 na wa 1914. Huyu alikuwa mfanyakazi wa reli katika nchi ya Marekani, naye alifanya hesabu hizo nje ya kazi yake.

Ile 67 ina kisa chake. Mwaka wa 1876 Mfaransa Edouard Lucas alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba namba ile si tasa, lakini vigawo vyake havikujulikana. Ni kama kujua ya kuwa nyumbani mmeingia mwizi pasipo kujua ni nani. Tarehe 31 Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati wa Marekani mjini New York, Bwana Frank Nelson Cole aliitwa kusoma habari yake. Yasimuliwa kwamba hakusema neno. Alikwenda ubaoni, akazizidisha zile 2 zikiwa 67, akapunguza 1, akapata 147,573,952,589,676,412,927. Akaenda upande wa pili wa ubao, akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akazidisha kwa mkono tarakimu kwa tarakimu. Majibu yakawa sawasawa. Akaweka chaki, akarudi kitini pake, na watu wote wakampigia makofi. Tena husimuliwa kwamba alipoulizwa kazi ile ilimchukua muda gani, alijibu kwamba ilimchukua Jumapili za miaka mitatu. Wako wasomaji wetu watakaouliza kama ni vema kuifanyia siku ya Bwana kazi kama hiyo. Swali hilo twawaachia wachungaji. Sisi twamtazama kwa ule unyamavu wake.

Baada ya kalamu zikaja mashine. Mwaka wa 1978 wanafunzi wawili wenye umri wa miaka 18, Laura Nickel na Landon Curt Noll, wa mji wa Hayward katika California, waliruhusiwa kutumia kompyuta ya chuo kikuu cha hapo, wakapata namba tasa yenye tarakimu 6,533. Habari yao ikaandikwa magazetini mahali pengi. Kisha mwaka wa 1996 Bwana George Woltman wa Marekani alitengeneza programu, akaigawa bure kwa kila aliyetaka kusaidia kutafuta. Mtu huitia katika kompyuta yake, naye hupewa namba moja ya kuijaribu. Anapolala au anapokuwa kazini, kompyuta huendelea na hesabu siku nyingi. Ikimaliza hupeleka jibu. Mwingine yuko Ujerumani, mwingine Japani, mwingine Kanada. Hawajuani kwa sura, lakini shamba lao ni moja, na kila mmoja ana tuta lake.

Njia inayotumika kuhakikisha namba hizi ilianzishwa na yule Bwana Lucas, ikakamilishwa na Mmarekani D. H. Lehmer. Msomaji aweza kuijaribu hata nyumbani, mradi idadi ya zile 2 iwe namba tasa kuanzia 3. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, upunguze 2, kisha uigawe kwa namba unayoijaribu, ushike baki peke yake. Baki hilo nalo ulitendee vivyo hivyo. Fanya mara chache mbili kuliko idadi ya zile 2. Baki la mwisho likiwa sifuri, namba ni tasa. Likiwa jingine lolote, si tasa. Tuijaribu 31, ambayo zile 2 zake ni tano. Basi twafanya mara tatu. 4 mara 4 ni 16, ukipunguza 2 ni 14. 14 mara 14 ni 196, ukipunguza 2 ni 194, na ukigawa kwa 31 baki ni 8. 8 mara 8 ni 64, ukipunguza 2 ni 62, na ukigawa kwa 31 hapana baki. Basi 31 ni tasa. Lakini ukiijaribu ile 2047, utafanya mara tisa, na baki la mwisho litakuwa 1736. Kama tungalijua njia hii mapema, tusingalimwaibisha mtoto wa watu.

Sasa twawaomba wasomaji waangalie neno hili, maana ndilo lililotufanya tuandike. Karibu majibu yote wanayopeleka watu hawa ni "siyo". Tangu 1996 mpaka 2024 jamii hiyo yote, pamoja na maelfu ya kompyuta zao, ilipata namba tasa 18 tu. Kutoka Desemba 2018 mpaka Oktoba 2024 haikupata hata moja. Miaka karibu sita watu walipeleka taarifa ya "siyo", na kila "siyo" ikaandikwa kwa uaminifu pamoja na tarakimu za lile baki la mwisho. Kwa muda mrefu desturi ilikuwa kwamba mtu mwingine, kwa kompyuta nyingine, huirudia hesabu ile ile. Mabaki mawili yakipatana, jambo limekwisha. Yakitofautiana, hurudiwa tena. Hapana anayekasirika kuhakikishwa. Na "siyo" ya kweli si kazi iliyopotea, kwa kuwa hakuna tena atakayehitaji kupita pale gizani.

Taarifa nayo yataka kusikiwa. Tarehe 17 Septemba 2015 kompyuta moja ya chuo kikuu huko Missouri ilipata namba tasa yenye tarakimu 22,338,618, ikapeleka habari. Lakini ujumbe uliopasa kuwaamsha watu haukufika, na namba ile ikakaa mpaka tarehe 7 Januari 2016 kabla mtu hajaiona. Tulipoyasoma hayo tulikumbuka karatasi ya mfuko wa saruji. Kwetu ujumbe ulifika. Ni sisi tulioufungia mlango.

Wakristo wenzetu watafurahi kusikia kwamba tarehe 26 Desemba 2017, siku ya pili ya Noeli, aliyepata namba kubwa kupita zote zilizojulikana wakati ule alikuwa shemasi wa kanisa moja katika jimbo la Tennessee. Alikuwa ameitia ile programu hata katika kompyuta za kanisa alizozitunza. Alitafuta zaidi ya miaka 14 kabla ya kupata. Na namba yake ina tarakimu 23,249,425. Kisha mwezi wa Oktoba 2024 Bwana Luke Durant wa California, aliyetumia mashine nyingi zilizotawanyika katika nchi 17, alipata ile ambayo zile 2 zake ni 136,279,841. Ina tarakimu 41,024,320. Mtu akiitaja kwa sauti, tarakimu moja kila sekunde, bila kula wala kulala, atasema siku 474 na zaidi. Hata hivyo haikutangazwa ila baada ya watu wengine kuihakikisha kwa mashine nyingine na programu nyingine.

Mzee mmoja wa kanisa letu, tulipomsimulia hayo, alituuliza, "Mwalimu, namba hiyo yanunua chumvi?" Ni swali la haki, nasi hatutaki kumjibu kwa maneno ya kupamba. Namba zile kubwa mno zenyewe hazina kazi ya kila siku. Namba tasa zilizo ndogo kuliko hizo, zenye tarakimu mia kadhaa, ndizo zitumiwazo kufunga siri zipitazo katika mitandao, ili mtu mwingine asizisome. Tena kutafuta namba hizi kumekuwa kipimo cha kompyuta zenyewe. Mwaka wa 1994 Bwana Thomas Nicely, mwalimu wa chuo cha Lynchburg katika Virginia, alikuwa akihesabu habari za namba tasa zilizo pacha, yaani zilizoachana kwa 2, kama 11 na 13. Akaona majibu mawili yasiyopatana. Alijishuku yeye mwenyewe kwanza, akachungulia kazi yake kila upande. Mwisho akaona kwamba kosa limo katika kifaa cha kompyuta kilichotengenezwa na kampuni ya Intel, ambacho kilikosea katika kugawa. Akatoa taarifa. Kampuni hiyo ikakubali kuwabadilishia watu vifaa vyao, ikatenga dola milioni 475 kwa ajili ya shughuli hiyo. Haya yote yalitoka kwa mtu mmoja asiyekubali kupita juu ya tofauti ndogo.

Lakini hata pasipo faida hiyo, twaona kwamba liko jambo jema katika kutafuta. Bwana wetu alisimulia habari za mwanamke aliyepotewa na sarafu moja, naye akawasha taa, akafagia nyumba yote mpaka akaiona. Hatusomi kwamba jirani alimcheka kwa sababu ya udogo wa sarafu. Walikuja kufurahi pamoja naye.

Tuliporudi kijijini kutoka mjini hatukuweza kungoja tena. Siku ya Jumatatu asubuhi tuliingia darasani. Tukamkumbuka Bwana Cole, lakini tukaona kwamba unyamavu ulimfaa yeye aliyekuwa na haki. Sisi tuliokosa ilitupasa kusema. Tukaandika 2047 upande mmoja wa ubao, na 23 mara 89 upande wa pili, tukazidisha mbele yao. Kisha tukasema, "Watoto, mwenzenu alisema kweli, nasi tuliijua kweli hiyo usiku wa siku ile ile, tukanyamaza majuma matatu. Tumemkosea yeye, na tumewakosea ninyi." Tukamwomba ile karatasi yake ili tuibandike ukutani. Akasimama, akatazama chini, akasema, "Mwalimu, nilikwisha iwashia moto."

Neno lile lilituchoma, na twataka walimu wenzetu walisikie. Toba hufungua mlango, lakini liko jambo lililokwisha kuungua.

Tukamwuliza kama ana neno jingine. Akakaa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Na zile 2 zikiwa kumi na tatu?" Jibu lake ni 8191. Tukasema, "Safari hii hatuapi. Tutaijaribu sote." Tukawaeleza kwamba hapana haja ya kujaribu vigawo vilivyopita 90, kwa kuwa 91 mara 91 yazidi 8191. Namba tasa zilizo chini ya 90 ni 24, na watoto waliokuwapo walikuwa 48. Basi kila namba tukaipa watoto wawili, tukawakalisha mbalimbali ili wasitazamane. Yule mtoto tulimpa 89, iliyo yake.

Waliopewa 2 walilalamika kwamba kazi yao ni ndogo. Tukawaambia kwamba bila wao jibu halikamiliki. Wakaja mmoja mmoja kutaja baki, nasi tukaliandika ubaoni pale tu wawili walipopatana. Kwa 7 baki ni 1. Kwa 89 baki ni 3. Kwa 59 hawakupatana: mmoja alisema baki ni 49, na mwenzake akasema hapana baki, imegawanyika. Wakarudia mbele ya wote: 59 mara 138 ni 8142, baki 49. Yule wa pili akakiri kwamba alitamani yake iwe ndiyo iliyoivunja ile namba. Hapana aliyemcheka, maana tuliwaambia kwamba hata mwalimu wao alipata kutamani namba iwe vile isivyo.

Mwisho ubao ulijaa mabaki 24, wala sifuri haikuwamo. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeona kigawo. Kila mmoja alileta "siyo" yake, na zile "siyo" zote zikawa pamoja "ndiyo" moja: 8191 ni namba tasa. Walipiga makofi wakidhani kwamba wamevumbua jambo jipya ulimwenguni. Tukawaambia kweli, kwamba ilijulikana zamani sana. Yule mtoto akasema, "Lakini sasa na sisi tumeihakikisha." Siku ile aliinua mkono mara mbili, na kesho yake mara moja.

Ndugu wasomaji, si wote tutakaotafuta namba. Lakini sote tuna taarifa za kutoa: mwalimu juu ya mitihani ya shule, mtunza hazina juu ya sadaka, mzazi juu ya mwanawe, shahidi juu ya aliyoyaona. Mara nyingi jibu la kweli ni "sijui," au "sikupata," au "nilikosea." Mtafutaji hachoki, wasema wazee wetu, na akichoka keshapata, sisi twaongeza kwamba hata asiyepata, akisema kweli juu ya mahali alipopita, amewafagilia njia wajao nyuma yake. Na mtoto akija na karatasi chafu mkononi, tuisome kwanza.